Njia Ndefu ya Petroli: Kwa Nini Bei Haifanani Kati ya Nchi Jirani

Katika vituo vya mpakani kama vile Tunduma, Kasumulu, Rusumo, Mutukula na Namanga, askari wa zamu huliona jambo moja mwaka hadi mwaka. Petroli inayouzwa upande mmoja wa kizuizi haiuzwi kwa bei ile ile upande wa pili, hata pale ambapo mtu aweza kwenda kwa miguu kutoka pampu moja hadi nyingine. Tofauti hiyo ndiyo inayowafanya watu wapite njia za panya usiku wakiwa na madumu, na ndiyo inayowapa kazi polisi, wanajeshi na maofisa wa forodha. Wengi husema kwamba sababu ni ulafi wa wafanyabiashara. Ulafi upo, na hapana budi udhibitiwe. Lakini historia ya nchi hizi tangu miaka ya 1960 yaonyesha kwamba bei ya petroli hutokana kwanza na njia iliyopitia, na usalama wa njia hiyo.

Petroli inapokuwa bado melini, bei yake katika Dar es Salaam, Mombasa au Beira haiachani sana. Tofauti huanza siku inapoteremshwa. Tangu hapo kila lita hubeba gharama zake: ushuru wa bandari, kodi ya matangi, nauli ya bomba, reli au lori, mafuta yanayoliwa na lori lenyewe, hasara ya yale yanayovuja na kupotea hewani, riba ya fedha zilizokopwa, na mwishoni kodi za serikali. Ndiyo maana petroli ya Mombasa ni nafuu kuliko ya Mandera, na ya Dar es Salaam ni nafuu kuliko ya Kagera, ingawa serikali ni moja na sheria ni moja. Tanzania ilianza kutangaza bei za kikomo mwaka 2009, na Kenya mwaka 2010. Msomaji makini wa bei hizo za kila mji aweza kuchora ramani ya nchi bila kuitazama, kwani kadiri mji ulivyo mbali na bahari ndivyo tarakimu zinavyopanda.

Hata hivyo, umbali peke yake hautoshi kueleza mambo. Kilomita haziongezeki wala kupungua, lakini bei imepata kupanda ghafla katika nchi ambayo haijasogea hata hatua moja. Mfano ulio wazi kuliko yote ni wa Zambia.

Zambia ilipopata uhuru tarehe 24 Oktoba 1964, ilirithi uchumi uliofungamanishwa na kusini. Reli yake ilipita Rhodesia. Makaa ya mawe ya migodi yake ya shaba yalitoka Wankie, nchini Rhodesia. Petroli yake nayo ilipitia huko, na mwanzoni mwa mwaka 1965 bomba jipya lilikuwa limeanza kupeleka mafuta ghafi kutoka bandari ya Beira, katika Msumbiji ya Wareno, hadi kiwanda cha kusafishia cha Feruka karibu na Umtali, mji ambao leo unaitwa Mutare. Tarehe 11 Novemba 1965 serikali ya walowezi wachache ya Ian Smith ilijitangazia uhuru wa haramu. Mwezi uliofuata Uingereza ilitangaza vikwazo vya mafuta dhidi ya Rhodesia, na Smith naye akaikatia Zambia mafuta. Nchi ambayo haikuwa na kosa lolote ikajikuta imeadhibiwa kabla ya mkosaji mwenyewe.

Yaliyofuata yanastahili kukumbukwa na kila askari anayeshughulika na ugavi. Ndege za Uingereza, Kanada na Marekani zilianza kuipelekea Zambia mafuta ndani ya mapipa. Ndege za Kanada zilibeba mapipa hayo kutoka Leopoldville, ambayo sasa ni Kinshasa, hadi Lusaka. Ndege inayobeba petroli huchoma mafuta yake kwenda, na huchoma mengine kurudi, hivyo kila pipa lililofika lilikuwa na gharama isiyolingana kabisa na bei ya kawaida. Petroli nchini Zambia ikagawiwa kwa mgao.

Wakati huo huo malori yalijaa katika barabara ya kutoka Dar es Salaam kupitia Morogoro, Iringa, Mbeya na Tunduma hadi Zambia. Sehemu kubwa ya barabara hiyo ilikuwa ya vumbi wakati wa kiangazi na ya tope wakati wa masika. Malori yaliteleza, yalipinduka na yalivunjika, hata njia hiyo ikapewa jina la barabara ya Jehanamu. Tanzania, ambayo Desemba 1965 ilikata uhusiano wa kibalozi na Uingereza kwa sababu ya Rhodesia, iliendelea kuiachia Zambia bandari yake na barabara yake. Kwa hiyo bei ya petroli ya Lusaka katika miezi ile ilikuwa ni hesabu ya mapipa, tairi, springi na maisha ya madereva.

Dawa ya kudumu ilikuwa bomba. Bomba la TAZAMA, lenye urefu wa kilomita 1,710 kutoka Dar es Salaam hadi Ndola, lilijengwa na Waitalia na kuanza kazi mwaka 1968, likiwa mali ya Zambia kwa sehemu mbili katika tatu na Tanzania kwa sehemu moja. Mwanzoni lilisukuma mafuta yaliyokwisha safishwa. Kiwanda cha Indeni kilipofunguliwa Ndola mwaka 1973, bomba likageuzwa kubeba mafuta ghafi. Hapo pana jambo la kutia maanani kuhusu mchanganyiko. Mafuta yaliyoingizwa bombani hayakuwa ghafi matupu, bali yalichanganywa na mafuta mepesi na dizeli ili yalingane na uwezo wa kiwanda kile kidogo. Mchanganyiko kama huo hununuliwa kwa bei kubwa kuliko mafuta ghafi ya kawaida, na gharama hiyo ilimfuata mnunuzi hadi kwenye pampu. Indeni iliacha kusafisha mafuta mwishoni mwa mwaka 2021, na mwaka 2023 bomba likabadilishwa tena ili lisukume dizeli.

Bomba liliwapa Wazambia nafuu, lakini halikuondoa vita katika eneo hilo. Ijapokuwa Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa, kwa azimio namba 221 la tarehe 9 Aprili 1966, liliiruhusu Uingereza kuzizuia kwa nguvu meli zinazopeleka Beira mafuta ya Rhodesia, Smith aliendelea kupata petroli kwa kupitia Afrika Kusini na bandari ya Lourenço Marques, ambayo leo ni Maputo. Manowari za Uingereza zililinda mlango mmoja hadi mwaka 1975, huku milango mingine ikiwa wazi. Taarifa ya Bingham, iliyochapishwa Uingereza mwaka 1978, ilieleza jinsi makampuni makubwa ya mafuta yalivyovikiuka vikwazo hivyo. Vikwazo havikumnyima Smith mafuta. Vilimfanya ayalipie zaidi na kuyathamini zaidi. Wapiganaji wa ukombozi walilitambua jambo hilo. Usiku wa tarehe 11 Desemba 1978 wapiganaji wa ZANLA waliyashambulia matangi makubwa ya mafuta mjini Salisbury, na moto wake uliwaka kwa siku kadhaa.

Zimbabwe ilipopata uhuru mwaka 1980, watu wengi walitazamia kwamba njia fupi ya Beira ingefunguka na bei kushuka. Bomba la Beira hadi Feruka lilifunguliwa tena mwaka 1982. Lakini makaburu wa Afrika Kusini hawakutaka nchi zilizo mstari wa mbele zipate njia isiyopita mikononi mwao. Bomba hilo lilihujumiwa, na tarehe 9 Desemba 1982 makomandoo wa Afrika Kusini waliyachoma matangi ya mafuta ya Beira, huku RENAMO ikijidai kuwa ndiyo iliyofanya kazi hiyo. Foleni za magari zikatanda Harare. Zimbabwe ikapeleka wanajeshi kulinda bomba, reli na barabara ya Beira, na baadaye idadi yao ikafikia maelfu. Mshahara, chakula na damu ya wanajeshi hao havikuandikwa kwenye pampu, lakini vilikuwa sehemu ya bei.

Malawi iliumia vilevile. Reli zake zote mbili za kwenda baharini, ya Beira na ya Nacala, zilikatwa na vita vya Msumbiji kufikia mwaka 1984. Bidhaa ambazo zamani zilisafiri umbali wa kiasi cha kilomita mia chache hadi baharini zikalazimika kuzungukia Zambia na Zimbabwe hadi Durban, na baadaye kupitia Dar es Salaam na Mbeya. Malawi nayo ikapeleka askari wake Msumbiji kulinda reli ya Nacala.

Katika shida hizo ndimo ulimozaliwa mchanganyiko ambao madereva wengi wa kusini wanaufahamu. Mwaka 1982 kiwanda cha Dwangwa, kando ya Ziwa Nyasa, kilianza kutengeneza alkoholi kutokana na molasi, yaani mabaki ya sukari, na Malawi ikaanza kuichanganya na petroli. Zimbabwe ilitangulia kidogo: kiwanda cha Triangle, kilichoanza mwaka 1980, kilikuwa na uwezo wa kutoa lita milioni 40 kwa mwaka. Wazo lake lilikuwa limekomaa katika miaka ya vikwazo. Kenya nayo ilianza mwaka 1983 kutumia alkoholi ya Muhoroni kwa kiwango cha sehemu 10 katika 100, ikaacha baada ya kiasi cha miaka kumi. Zimbabwe ilikwama wakati wa ukame mkubwa wa mwaka 1992, miwa ilipokauka, ikarudia kuchanganya baada ya kiwanda cha Chisumbanje kuanza mwaka 2011.

Maana ya mchanganyiko huo ni rahisi. Nchi iliyo mbali na bahari hulipia nauli kubwa kwa kila lita ya petroli, na wakati huo huo hulipia nauli kubwa kuitoa molasi yake isiyo na thamani kubwa. Kwa hiyo ni afadhali molasi igeuzwe alkoholi pale pale shambani. Kwa nchi iliyo pwani hesabu hiyo yaweza kuwa hasara, kwa sababu petroli iko mlangoni na molasi hupata meli bila taabu. Lakini mchanganyiko una masharti yake, na mafundi wa magari ya jeshi na polisi hawana budi kuyajua. Lita ya alkoholi ina nguvu kiasi cha theluthi mbili tu ya lita ya petroli. Tena alkoholi hunyonya maji. Tangi likiwa na maji, alkoholi huachana na petroli ikazama chini pamoja na maji hayo, na injini hukataa kuwaka. Kwa upande mwingine, alkoholi huizuia injini isigonge, kazi ambayo zamani ilifanywa na madini ya risasi yenye sumu, kabla ya nchi za Afrika kusini mwa Sahara kuyaondoa katika petroli kufikia mwanzo wa mwaka 2006.

Hata mwinuko wa nchi una sauti yake. Katika Johannesburg, mita zaidi ya 1,700 juu ya usawa wa bahari, kanieneo ya hewa ni pungufu kwa karibu sehemu moja ya tano kuliko Durban. Silinda hupata hewa chache, na injini, hasa ya zamani, haigongi upesi. Ndiyo maana kwa miaka mingi Afrika Kusini iliuza bara petroli ya daraja la okteni 93 na pwani ile ya 95. Lakini petroli hiyo ya bara, ingawa ni ya daraja la chini, haikuwa nafuu kuliko ya pwani, kwa kuwa nauli ya kupanda kutoka baharini ilikula nafuu yote.

Upande wa kaskazini, Uganda ilijifunza somo lile lile kwa njia nyingine. Petroli yake hutoka Mombasa kupitia Kenya. Februari 1976 Idi Amin alidai sehemu kubwa ya ardhi ya Kenya. Julai mwaka huo, baada ya makomandoo wa Israel kuvamia uwanja wa Entebbe, akaituhumu Kenya kwamba iliwasaidia, na Wakenya waliokuwa Uganda wakauawa. Kenya ikasisitiza ilipwe madeni yake kwanza, na mafuta yakakatika. Dikteta aliyejigamba kwa vifaru na ndege akaona kwamba vifaru na ndege havitembei kwa majigambo. Agosti 1976 ilimbidi akubali mapatano. Miaka zaidi ya thelathini baadaye, Januari 2008, ghasia zilizofuata uchaguzi wa Kenya zilifunga barabara na reli ikang'olewa Kibera. Pampu za Uganda, Rwanda na Burundi zikakauka na bei zikaruka, ingawa katika nchi hizo hapakuwa na kura iliyopigwa wala jiwe lililorushwa.

Yaonekana basi kwamba faida ya kuwa na njia mbili ni kubwa kuliko urefu wa kila moja. Rwanda na Burundi, zinazoweza kutumia Mombasa na Dar es Salaam, hupona njia moja inapofungwa ikiwa ya pili ina matangi, malori na barabara nzuri. Kongo ni funzo la aina yake. Kinshasa hupata mafuta kupitia mto Kongo, Goma na Bukavu hupata kupitia Afrika Mashariki, na Lubumbashi hupata kutoka Dar es Salaam au bandari za kusini. Kwa hiyo serikali ya huko hupanga bei kwa kanda, na raia wa nchi moja hulipa bei tofauti. Tena Kongo huchimba mafuta ghafi karibu na Muanda, kwenye pwani ya Atlantiki, lakini huagiza petroli kutoka nje. Kuwa na visima siyo kuwa na petroli, maana katikati pana kiwanda cha kusafishia. Uganda, iliyogundua mafuta mwaka 2006, ilipopitisha Februari 2022 pamoja na wenzake uamuzi wa kujenga bomba la kilomita 1,443 kutoka Hoima hadi Tanga, ilikuwa imejipatia njia ya kuuza mafuta ghafi. Bei ya pampu ya Kampala ni jambo jingine.

Juu ya hayo yote huja uamuzi wa serikali. Kodi ya barabara, ruzuku na thamani ya fedha hutofautiana nchi na nchi. Zambia mwaka 2010 ilianzisha bei moja kwa nchi nzima, ili mwananchi wa Chipata au Kasama asilipe zaidi kuliko wa Ndola. Gharama ya wa mbali ikabebwa na wote. Malawi mwaka 2011 ilikuwa na bei iliyopangwa, lakini haikuwa na fedha za kigeni za kutosha, na foleni zikawa ndefu. Bei nafuu katika kituo kisicho na petroli haimsaidii mtu.

Hapo ndipo kazi ya askari inapoingia. Kila tofauti ya bei ni kishawishi cha magendo. Nchi jirani zilipoiwekea Burundi vikwazo Julai 1996, petroli ilipanda mno Bujumbura, na hadi vikwazo viliposimamishwa Januari 1999 madumu yalipenyezwa mipakani na ziwani. Kishawishi kingine ni cha kuchanganya kwa hila. Mafuta ya taa yalipotozwa kodi ndogo ili maskini apate kuwasha taa, wajanja waliyatia katika dizeli na petroli, wakaiba kodi na kuua injini. Tanzania ilianza kutia vinasaba katika mafuta mwaka 2010, na mwaka 2011 ikapandisha kodi ya mafuta ya taa. Kenya ikafanya hivyo mwaka 2018. Hila ya wachache iliwafanya maskini wengi walipie zaidi mwanga wa usiku.

Kwa hiyo askari anayesimamisha lori la tangi na kukagua lakiri yake asidhani kwamba anahesabu lita tu. Nyuma ya lori hilo pana bandari, na mbele yake pana hospitali, kinu cha unga, trekta na gari la wagonjwa katika nchi isiyo na bahari. Rushwa ndogo inayodaiwa barabarani huingizwa katika bei kama nauli nyingine yoyote, na hulipwa na mkulima wa Kasama au wa Ngozi ambaye hakuwepo ilipotolewa. Smith aliifunga njia kwa amri, na makaburu waliichoma kwa baruti. Njia yaweza pia kuzibwa kidogo kidogo, kizuizi baada ya kizuizi, na wale wale waliokabidhiwa kuilinda. Nchi jirani zilizovumilia barabara ya Jehanamu pamoja zinastahili kuona njia hiyo ikibaki wazi na salama.